Jina Lililoachwa Nje ya Tepu

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Julai 1975, katikati ya kipupwe, wakati ambapo upepo wa Iringa hupenya katika nyuzi za sweta kana kwamba hujavaa kitu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na miezi miwili. Nilikuwa mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, Neema, mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima tangu mwezi Machi wa mwaka huohuo, na kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa fundi wa kurekodi sauti. Hilo la mwisho nalitaja kwa majivuno wala siombi radhi, kwa kuwa katika mji wetu sikuwahi kumwona mwanamke mwingine aliyeifanya kazi ile. Hata hivyo, sikukalishi hapa nikusimulie fahari yangu. Nataka nikusimulie kosa langu, maana wewe unayetamani kuishi kwa kurekodi nyimbo za watu utakutana nalo, ingawa mashine zenu ni nyingine.

Marehemu mume wangu, Erasto, alikuwa fundi redio. Chumba chetu cha kazi kilikuwa Mlandege, chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, chenye dirisha moja lililotazama barabara. Mashine ya kurekodi haikuwa yetu. Ilikuwa ya mfanyabiashara wa Mbeya aliyeitwa Bwana Athumani, mtu ambaye babu zake walitoka pwani, mpole wa maneno na mgumu wa biashara. Sisi tulirekodi katika tepu za magurudumu; yeye alizinakili katika kaseti na kuziuza dukani kwake na kwa madereva wa barabara kuu. Akishanakili, alizirudisha tepu kwetu kwa lori ili tuzifute na kurekodi sauti nyingine juu yake, kwa sababu tepu mpya zilikuwa adimu kuliko sukari. Kufuta ilikuwa kazi yangu ya kila mara, kama kuosha vyombo. Likumbuke jambo hilo.

Ukutani tulitundika mablanketi ili sauti isirudi kama imeingia kisimani. Yalikuwa mawili, na ndiyo hayohayo tuliyojifunika. Mchana yalikwenda kazini, usiku yalirudi kitandani yakiwa na harufu ya vumbi na ya waimbaji.

Erasto alinifundisha kusikiliza kabla ya kunifundisha kubonyeza. Alinifundisha kwamba kifua kipana husogezwa mbali na maikrofoni, na mzee asiye na meno huwekwa karibu na kidogo upande. Aidha alikuwa na sheria moja ambayo hakuipunguza hata kwa rafiki: kila tepu ianze kwa sauti ya mtu akitaja mwimbaji ni nani, wimbo ni wa nani, umerekodiwa wapi na lini, kisha hayohayo yaandikwe kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya boksi. Alikuwa akiniambia kwamba sauti isiyo na jina ni mtoto aliyeokotwa njiani, kila apitaye anaweza kusema ni wake.

Sasa sikiliza siri niliyokuwa nayo. Erasto aliamini kwamba kufikia Julai nilikuwa nasoma. Aliwaambia majirani kuwa mama Neema sasa anasoma gazeti. Ukweli ni kwamba nilijua kuandika jina langu na silabi chache, basi. Gazeti nilikuwa nikilishika vizuri, nalikunjua kwa madaha, kisha nasema yale niliyoyasikia asubuhi redioni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona bora kuitwa mwongo siku moja mbali huko mbele kuliko kuitwa mjinga leo. Mwanangu, kiburi ni mpishi mbaya: hukupa chakula kibichi na kukuaminisha kuwa umeshiba.

Jumamosi hiyo Erasto alikuwa Mbeya tangu Alhamisi, kwa ajili ya kutengeneza kipuri cha mashine ya kunakili. Aliniachia tepu mbili na waimbaji wawili. Asubuhi alikuja Bibi Sekalinga kutoka Kalenga, mjane kama nilivyo mimi leo, amembeba mgongoni mjukuu wa miaka miwili. Mchana angekuja Bi Zaina, jirani yetu wa Mlandege, mwimbaji wa harusi aliyejulikana mji mzima.

Nilimsalimu Bibi kwa Kihehe, “Kamwene,” akaitikia “Kamwene,” akaketi mkekani. Akaanza kama wazee wa kwao wanavyoanza: kabla ya kuimba, mtu hujitaja. Alitaja jina lake, akataja baba yake na mahali alipozaliwa, akataja wimbo ulipotoka. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto, alioutunga mwenyewe kwa ajili ya mjukuu yule, ambaye mama yake, Anjelina, alifariki siku ya kumzaa. Alizungumza taratibu, akirudi nyuma, akijisahihisha. Mimi niliyatazama magurudumu ya mashine na kuhesabu. Tepu ilikuwa fupi, na nilitaka wimbo wote uingie. Basi sikubonyeza kitufe. Nilitikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayechukua kila neno, na mashine ikiwa imelala. Alipovuta pumzi ya kuanza kuimba, ndipo nikabonyeza.

Wala sitakudanganya: ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote. Nilimweka karibu na ukuta wa blanketi, maikrofoni usawa wa kidevu, na sauti yake ikaingia na pumzi zake, na mlio mdogo wa mtoto akigeuka mgongoni. Nilipata baridi mwilini ambayo haikutokana na Julai.

Alipomaliza, mashine ikiendelea kuzunguka, nilichukua karatasi na kalamu. Bibi alinitazama, akaniuliza:

“Binti, jina umelichukua? Na la Anjelina?”

Nikaupeleka mkono wangu juu ya karatasi, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa kwanza, mstari wa pili, nikichora mawimbi yasiyokuwa herufi. Nikamjibu:

“Nimelichukua, bibi. Yote yapo.”

Hakujua kusoma. Aliuona mkono ukitembea, akaamini. Akaniaga kwa shukrani nyingi, nami nikaikunja karatasi ile na kuifungia ndani ya boksi.

Mchana Bi Zaina aliimba za kwake, akacheka, akanitania kwamba blanketi langu lina viroboto wanaojua kupokea wimbo. Yeye alisoma shule ya msingi yote, hivyo aliinyakua kalamu na kuandika jina lake mwenyewe kwa herufi za kujikunja. Karatasi yake ilikuwa safi kabisa.

Erasto aliporudi Jumatatu aliniuliza kama kila kitu kimeandikwa, nikasema kimeandikwa. Lori la kwenda Mbeya lilikuwa linangoja, maboksi yakaondoka. Huko Bwana Athumani alifungua la kwanza, akakuta mawimbi. Akafungua la pili, akakuta Bi Zaina wa Mlandege. Yamekuja siku moja, kutoka chumba kimoja, yote mawili yana sauti ya mwanamke. Akadhani mwimbaji ni mmoja aliyebadili koo. Akaandika jina la Bi Zaina katika kaseti zote, naye hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Haikupita miezi mitatu. Mpwa wa Bibi Sekalinga alikuwa akiuza vitunguu Ruaha Mbuyuni, pale malori yanaposimama, akaisikia sauti ya shangazi yake ikitoka katika hoteli ya chai. Aliingia akiwa na furaha, akaomba aonyeshwe kaseti, akasomewa jina. Siku ya Jumatano, tarehe 8 Oktoba, Bibi alifika mlangoni kwetu, mjukuu mgongoni, na hakuketi.

Hakupaza sauti. Alimwambia Erasto kwamba mtoto huyu hana picha ya mama yake, kwa kuwa Anjelina hakuwahi kupigwa picha maishani. Yeye mwenyewe ni mzee, hajui atamlea hadi lini. Alichotaka ni kitu kimoja tu: siku moja, akiwa hayupo, mtoto asikie katika sauti ya bibi yake kwamba alikuwa na mama, na mama alikuwa na jina. Sasa wimbo unatembea nchi nzima ukiwa wa mtu mwingine, na Anjelina hayumo. Mjini kuna watu wamemwambia kwamba fundi ameuza wimbo wake kwa Bi Zaina.

Nilikuwa nimesimama kando ya mashine. Erasto aliniangalia mara moja tu, mimi nikayaangalia magurudumu. Kisha alimwambia Bibi:

“Mama, kazi iliyotoka katika chumba hiki ni kazi yangu. Kama ni kosa, ni langu.”

Nikamwacha aseme hivyo. Mwanangu, nimezika wazazi na nimezika mume, lakini hakuna kimya ambacho kimenielemea kama kile.

Bibi alipeleka shauri lake kwenye baraza la usuluhishi la kata. Bwana Athumani akaleta barua kwa mkono wa dereva, Erasto akanisomea: yeye anauza sauti, hauzi wizi, ikiwa baraza litasema wimbo uliibwa chumbani kwetu, mashine itarudi Mbeya. Hapo ndipo ilipofikia. Jina la Anjelina, jina la mume wangu, na kazi yetu sote wawili, vyote vilikuwa juu ya mizani, na jiwe lilikuwa mkononi mwangu.

Pamoja na barua ile zilirudi tepu zile mbili, ya Bibi na ya Bi Zaina, ili zifutwe.

Asubuhi iliyofuata Erasto alikwenda mjini, nikabaki peke yangu na kazi yangu ya kila mara. Niliifunga ya Bibi kwenye mashine. Nakiri kwamba niliisikiliza kwa ajili tu ya kuagana nayo. Wimbo ukaisha, nikanyoosha mkono, na kabla sijazima nikasikia sauti ambayo Bwana Athumani hakuinakili kwa sababu haikuwa muziki: “Binti, jina umelichukua? Na la Anjelina?” Kisha msichana mmoja, mwenye lafudhi ya kwetu, akajibu kwa uhakika wote: “Nimelichukua, bibi. Yote yapo.”

Sauti yangu sikuwahi kuisikia ikisema uongo. Mtu anaposema uongo hujisikia kwa ndani, na kwa ndani kila mtu ana udhuru. Mashine haina udhuru.

Pale nilielewa mambo mawili kwa pamoja. Maneno yale yalithibitisha kwamba Bibi alikuja mwenyewe, akaimba mwenyewe, akadai jina. Na maneno hayohayo yalithibitisha uongo wangu. Kitufe chekundu cha kufutia kilikuwa chini ya kidole changu. Kama ningekibonyeza hakuna mtu ambaye angeuliza, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nifute. Njia ya kuficha ilikuwa tayari imechongwa na utaratibu wetu wenyewe; sikuhitaji hata kuvunja sheria.

Nilikaa hapo mpaka mtoto wangu akaamka. Sikuwa shujaa, mwanangu, usinivishe joho. Kilichoniondoa mkono ni ule mlio mdogo wa mtoto wa Anjelina, niliokuwa nimeunasa kwa ufundi wangu wote. Niliona kwamba nikifuta, nitakuwa nimemfuta Anjelina mara ya pili. Nikaitoa tepu, nikaifunga ndani ya boksi lake pamoja na karatasi yangu ya mawimbi, nikaiweka chini ya nguo za Neema. Jioni nilimwambia Erasto kila kitu, pamoja na habari ya gazeti. Akaniuliza ni nani basi aliyekuwa akimsomea zile habari za bei ya pareto. Nikamwambia ni redio ya jirani. Alicheka hadi akafuta macho, kisha hakucheka tena, akasema siku ya baraza tutaibeba mashine wote wawili.

Baraza lilikaa Alhamisi, tarehe 30 Oktoba 1975, saa nne asubuhi, katika ofisi ya kata. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye koti la mvua ingawa mvua haikuwa imefika. Katibu alikuwa kijana wa suti ya kaunda, mwenye kalamu mbili mfukoni. Bi Zaina aliitwa kwanza. Alisema wimbo si wake na kwamba aibu imemmaliza.

“Harusi mbili wameniomba niuimbe,” alisema, “nami sijui hata mstari wake wa kwanza. Mara zote mbili nimejifanya koo linauma. Naombeni baraza mnirudishie koo langu.”

Watu walicheka, hata Bibi Sekalinga alificha tabasamu kwa upande wa kitenge. Erasto aliposimama ili aseme tena kwamba kosa ni lake, nilisimama mimi, nikaomba ruhusa, nikaiwasha mashine mbele ya wazee.

Nani aliyesema kwamba njia ya mwongo ni fupi? Yangu ilikuwa na urefu wa tepu moja. Wimbo ulipoisha, maneno yetu mawili yakatoka. Katibu alifungua boksi, akaikunjua karatasi, akaisoma ikiwa wima, akaigeuza, akaisogeza dirishani. Akasema kwa upole kuliko nilivyostahili:

“Mheshimiwa mwenyekiti, humu hamna herufi.”

Bibi Sekalinga akanigeukia. Nilidhani atanilaani, na ningekubali.

“Binti,” aliniuliza, “mkono wako ule niliouona ukitembea juu ya karatasi, ulikuwa unakwenda wapi?”

Akaendelea: “Mimi sijui kusoma. Lakini ninajua mtu anayelima na mtu anayechezea jembe. Siku ile nilikuona unachezea, nikasema hapana, huyu ni mke wa fundi, atakuwa analima kwa namna yao. Nilikuheshimu kuliko ulivyojiheshimu. Ungeniambia hujui, ningelisema jina polepole, mashine ingelishika, tungesaidiana wajinga wawili.”

Nimesoma vitabu vingi baada ya siku ile. Nilimaliza darasa la saba nikiwa na miaka thelathini na mitatu, na cheti changu kipo ukutani. Sijasoma sentensi iliyonifunza zaidi ya hiyo.

Baraza liliamua kwamba wimbo ni wa Bibi Sekalinga. Kwamba urekodiwe upya na jina lake. Kwamba Bwana Athumani aarifiwe. Na kwamba shauri lifungwe pale tu Bibi atakaposikia kwa masikio yake na kuridhika. Nilipewa wiki mbili. Kila jioni katika wiki hizo nilikwenda kisomo, nikamwambia mwalimu mbele ya wote kwamba sijui, anianzishe upya. Mficha uchi hazai, mwanangu. Nilikaa na wazee wa miaka sitini nikiandika jina moja: Anjelina, Anjelina, ukurasa mzima.

Tulirekodi Jumamosi, tarehe 8 Novemba, mawingu yakianza kukusanyika, tukiiomba mvua isiyapige mabati yetu mapema. Safari hii nilibonyeza kitufe kabla Bibi hajafungua kinywa. Alijitaja taratibu, akirudi nyuma, akijisahihisha, nami nikaiacha tepu iliwe. Maelezo yalikaribia kulingana na wimbo kwa urefu. Sasa, nikikumbuka, naona maelezo nayo yalikuwa wimbo.

Ndiyo maana, mwanangu, nakuomba ukienda katika hizo studio zenu usiwe fundi wa sauti tu. Sauti yoyote inayoingia katika chumba chako ina mwenyewe, na mwenyewe ana watu wake, walio hai na waliolala. Muulize jina kabla ya kumwekea maikrofoni. Mwache ajieleze hata kama muda unakwenda. Utakalolikata kwa haraka huenda ndilo lililomleta. Andika siku na tarehe. Na usilolijua, liseme siku ya kwanza, wakati bado ni dogo na linabebeka, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua. Ukikosea, na utakosea, usimwache anayekupenda asimame mahali pako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi nilivunja koleo mchana kweupe mbele ya baraza, na bado nilirekodi watu miaka kumi na sita baada ya hapo.

Shauri lilifungwa rasmi siku ya Alhamisi, tarehe 13 Novemba 1975, saa tano na robo asubuhi. Bwana Athumani alikuja mwenyewe kwa basi kutoka Mbeya, na alipomaliza kusikiliza alisema kwamba mashine ibaki Mlandege, kwa masharti ya kuwa karatasi za maboksi niandike mimi na si mtu mwingine. Mwenyekiti alimuuliza Bibi kama ameridhika. Bibi alimshusha mjukuu mgongoni, akamsimamisha karibu na spika, akaniashiria nirudishe tepu mwanzo. Mtoto alisikia sauti ya bibi yake ikitoka ndani ya sanduku ikitaja jina la mama yake, akalitazama sanduku, kisha akamtazama bibi, kisha akalisema jina lile kwa ulimi wake mdogo usiojua bado herufi zote.

Ndipo Bibi akasema ameridhika. Katibu alinisogezea karatasi na kalamu. Niliandika, mstari wa kwanza, mstari wa pili, na safari hii mkono wangu ulijua unakokwenda. Bibi Sekalinga aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akaniombea maneno haya, ambayo leo nayaweka juu ya kichwa chako: Mungu akupe sikio linalongoja, mkono usiochezea jembe, na jina ambalo wengine watalitaja vizuri ukiwa hupo.